Ngitili Niliyoiandika Kuwa Haitumiki

Nimesikia kwamba ninyi vijana mnaoajiriwa siku hizi kukusanya maoni ya wananchi juu ya kanuni za mazingira na wanyamapori mnakwenda vijijini na vishikwambi, na kwamba swali likishajibiwa kifaa chenyewe hurukia linalofuata. Ningependa kukiona kikifanya kazi. Ningependa hasa kujua kinafanya nini pale mzee anapoulizwa jambo, akanyamaza kwa muda wa kutosha mtu kumenya kiazi, kisha akajibu swali jingine kabisa ambalo hakuulizwa. Katika miaka yangu ya kazi, jibu la namna hiyo ndilo lililokuwa na maana kuliko yote, na fomu yangu haikuwa na mahali pa kuliweka.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya wanyamapori mjini Bariadi. Niliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Januari 1972, kuwa mhudumu wa kufagia na kupeleka barua. Nilipewa ukarani tarehe 2 Julai 1973. Nilistaafu tarehe 30 Juni 1994. Enzi hizo Simiyu lilikuwa jina la mto, halijawa jina la mkoa, nasi tulihesabiwa Shinyanga. Kalamu niliishika kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, katika darasa la watu wazima, nikiwa mke wa dereva wa lori la pamba. Mume wangu alifariki tarehe 19 Oktoba 1969. Waposaji walikuja, na mmoja wao alitaja ng'ombe kumi na wawili. Nilimjibu kwamba nilikuwa na mtihani. Sikusema hivyo kwa dharau. Mtihani ulikuwapo kweli, na niliufaulu.

Nawaeleza haya ili mjue kwa nini nilikuwa mkali wa maandishi. Mtu aliyejifunza kuandika utotoni huandika kama anavyopumua. Mimi kila herufi niliinunua kwa jasho, kwa hiyo nilipoagizwa na mkuu wangu, "Andika walichosema, usiongeze, usipunguze," nililichukua agizo hilo kama kiapo. Kumbe mtu anaweza kuandika neno kwa neno na bado akaandika uongo. Jambo hilo lilinichukua miezi minne kulielewa, na sina hakika kwamba nililielewa lote.

Mkuu wangu huyo aliitwa Bwana Mshana, mtu wa milima ya Same, mrefu, mpenda chai ya tangawizi. Vijijini hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Nyama, kama walivyowaita maofisa wote wa idara yetu. Alikuwa mwadilifu, lakini alipenda karatasi kuliko njia inayofika kwenye karatasi. Siku moja niliweka karatasi ya kaboni ya kunakili kichwa chini, upande wa wino ukitazama juu, nikaandika mkutano mzima wa saa tatu. Nakala haikutoka, maneno yote yalijichapa kinyumenyume mgongoni mwa karatasi ya kwanza. Bwana Mshana aliichukua, akasimama mbele ya kioo cha kunyolea ndevu, akaisoma yote mpaka mwisho bila kucheka, kisha akasema, "Mama Shija, leo umeniandikia Kiarabu." Tangu hapo niliipapasa kaboni kwa kidole kabla ya kuandika. Nanyi papaseni vifaa vyenu kabla mkutano haujaanza.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 ililetwa kwetu rasimu ya kanuni mpya, kurasa kumi na moja, tuipeleke kwa wananchi wa vijiji tisa vilivyopakana na pori la akiba, tuwasomee, tuyaandike maoni yao. Sharti zito lilikuwa moja. Ardhi yoyote ya pembezoni ambayo haikutumika kwa kilimo, makazi wala malisho ingeingizwa katika eneo la wanyamapori, na baada ya hapo asingeruhusiwa mtu kuingiza mifugo humo. Fomu ilikuwa na maswali kumi. Swali la sita liliuliza kama eneo lililotajwa lilitumika kwa malisho.

Jumanne, tarehe 12 Machi 1974, tulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Mwamapalala. Jina la kijiji nalihifadhi, maana wahusika wana wajukuu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri wiki ile, na watu waliacha palizi ya pamba ili kutusikiliza. Walikaa mbele ya ghala la ushirika. Bwana Mshana alisoma, nami nilitafsiri kwa Kisukuma.

Kabla hatujafika swali la kwanza, mzee mmoja mwenye fimbo ya mkuyati alininyooshea kidole, akanisalimu kwa Kisukuma na kuniita mama. Huyu alikuwa Mzee Malando, ambaye baadaye nilimjua sana.

"Mwangaluka, mayu. Wewe ni ng'wana nani?"

Nilimtajia jina la baba yangu, na kwamba nilizaliwa Kalemela, kule ziwani.

"Aa! Wa kula furu! Basi leo tunaandikwa na mtu anayenuka samaki. Ng'ombe unawajua wewe?"

"Nawajua, baba. Wana pembe."

Watu walicheka, na mkutano ukafunguka. Sikieni hapo, wanangu: mkiulizwa ninyi ni watoto wa nani, msikimbilie kutaja ofisi. Jibuni kwanza hilo, na mkitaniwa, taniweni. Nimewahi kumwona ofisa aliyejibu kwa kutaja cheo chake. Aliandika ukurasa mmoja tu siku nzima, na nusu yake ilikuwa majina ya waliohudhuria.

Tulipofika swali la wanyama waharibifu, kila mtu alikuwa na lake: nguruwe kwenye viazi, nyani kwenye mahindi, tembo aliyelala juu ya ghala la mtama. Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma aliuliza, "Ndugu Karani, hayo masharti mnayotusomea sisi, fisi naye amesomewa?" Niliandika swali hilo kama lilivyo. Bwana Mshana alitaka kulifuta. Nikamkumbusha agizo lake mwenyewe.

Kisha likaja swali la sita. Eneo lililotajwa lilikuwa uwanda wa nyasi kati ya kijiji na pori, ng'ambo ya kijito. Nililitafsiri swali vizuri. Mzee Malando alisimama, akajinyoosha kama askari.

"Hakuna anayelisha pale. Hata mbuzi mmoja hagusi majani yale."

"Hakuna kabisa, baba?"

"Andika hivyo hivyo, mayu. Hata mbuzi."

Wazee wote walitikisa vichwa kukubali, na niliona usoni mwao jambo ambalo sikulifahamu: walikuwa wanajivuna. Nilijiuliza kidogo, kwa nini watu wajivunie ardhi wasiyoitumia? Swali hilo lilinipitia kichwani kama inzi, nami nikalipunga. Nikaandika: "Hakuna anayelisha. Hata mbuzi mmoja." Sahihi, tarehe, muhuri.

Bwana Mshana alifurahi. Vijiji vingine vilitupa majibu yaliyofanana na hilo, akasema kazi imekuwa nyepesi. Muhtasari wetu ulikwenda mkoani mwezi Mei ukiwa na sahihi yake.

Alhamisi, tarehe 25 Julai 1974, nilitumwa kijijini kule kwa baiskeli kubandika jedwali lililorudi kutoka juu. Lilikuwa na orodha ya maeneo yatakayofungwa, na maelezo kwamba marekebisho ya mwisho yangepokelewa hadi Jumamosi, tarehe 31 Agosti. Uwanda wa ng'ambo ya kijito ulikuwa wa nne katika orodha, na pembeni yake pameandikwa: haitumiki.

Nilikuwa sijafika kijijini nilipousikia. Ulikuwa mlio wa kengele za ng'ombe, nyingi, kutoka ng'ambo ya kijito. Niliteremka kwenye baiskeli. Nchi nzima ilikuwa imekauka, njia imekuwa vumbi tupu, lakini pale palikuwa na nyasi ndefu za rangi ya dhahabu, na ndani yake ng'ombe sijui wangapi, mikia yao inapunga taratibu. Mzee Malando alikuwa amesimama kwenye kivuko, fimbo mkononi, akiwapitisha mmoja mmoja kama mlinda mlango wa sinema.

"Mwadila, mayu wa furu!"

Sikuitikia salamu, na mpaka leo naona haya. Nilisema, "Baba, si uliniambia hakuna anayelisha hapa?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Uliniuliza lini?"

"Mwezi wa tatu. Tarehe kumi na mbili."

"Sasa mwezi wa tatu nani anaingiza ng'ombe kwenye ngitili? Mwendawazimu? Mwezi wa tatu majani yako kila mahali. Hii tunaifunga mvua ikianza, tunaifungua kiangazi kikiuma. Akiingiza mtu mbuzi kabla ya siku yake, tunamtoza. Mimi ndiye mlinzi. Ulipokuja na Bwana Nyama, mimi nilijua mmekuja kukagua kama tunailinda."

Hapo ndipo nilipouelewa ule mwinuko wa kifua chake mwezi Machi. Kwa watu wa Bariadi na Itilima neno ngitili halihitaji maelezo, lakini mimi nilikulia ufukweni, ambako ng'ombe wetu watatu walikula majani mabichi ya kando ya maji mwaka mzima. Neno nililisikia, nilidhani ni jina la pori. Sikuwahi kuuliza. Nami nilikuwa mtu anayejisifu kwa kuuliza.

Nyuma ya mzee alikuwa mwanamke mwembamba akiwaswaga ng'ombe wanne. Alikuwa Ng'wana Luhende, mjane kama mimi, ambaye mifugo yake ilikuwa ndiyo hiyo tu. Alikuwa amesikia. Akanisogelea.

"Hiyo karatasi uliyofunga kwenye baiskeli inasemaje?"

Nilimsomea. Nilisoma na ile sentensi niliyoiandika mimi mwenyewe.

"Ehee," akasema. "Basi kiangazi kijacho ng'ombe wangu nitawalisha karatasi yako. Ina chumvi?"

Sikuibandika. Niliikunja nikarudi nayo Bariadi.

Bwana Mshana alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, akakiweka kikombe chini polepole.

"Mama Shija, ripoti imekwenda na sahihi yangu."

"Ndiyo, Bwana. Na maneno yangu."

"Walisema au hawakusema?"

"Walisema."

"Basi hukukosea."

"Nilikosea, Bwana. Niliwauliza kuhusu kiangazi wakati wa masika, nami sikuwaambia ni kiangazi ninachouliza."

Kisha akasema kwamba ofisi haiwezi kuandika juu kwamba imekosea katika jambo ililotia muhuri miezi miwili iliyopita. Nikamwambia ofisi isiandike. Aandike kwamba karani amekosea, nami nitatia sahihi kwa jina langu kamili.

"Unataka kurudi kwenye ufagio?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na watoto watatu, na mshahara ule ndio uliokuwa nyumba yetu. Nilimjibu kwamba ufagio naujua, hauniogopeshi. Sikuwa jasiri kama ninavyosikika. Aliinywa chai yake mpaka mwisho, akasema, "Barua peke yake haitoshi. Watasema umehongwa maziwa. Leta kitu cha kuonyesha."

Kitu gani? Hilo ndilo lililonifanya nilale nikiwaza, na kwa kweli lilinipendeza kuliwaza. Mtu anaonyeshaje, kwenye karatasi, kwamba nyasi ambazo hazijaguswa zinatumika? Kwamba kutokulisha kwenyewe ndiko kazi inayofanyika pale?

Alhamisi, tarehe 8 Agosti, nilirudi na daftari kubwa nililolichora mistari kwa rula: miezi kumi na miwili upande mmoja, upande wa pili nafasi ya kuandika nini kinafanyika ndani ya ngitili. Nilidhani tungemaliza asubuhi. Tulimaliza jua likishuka. Mzee Malando hakuwa na habari na Machi wala Aprili. Yeye alihesabu kwa kazi: kupanda mtama, kupalilia mara ya kwanza, pamba kupasuka, kuvuna viazi na kukausha michembe. Nami nililazimika kuuliza kila kazi inaangukia wapi, na mwaka wa mvua chache je, na mwaka wa mvua nyingi je.

Wanaume walipotaja siku ya kufungua ngitili, Ng'wana Luhende alisema kutoka nyuma, "Mwongo huyo. Kabla ya ng'ombe, sisi tunaingia kukata majani ya kuezekea."

"Hayo si malisho," akasema Mzee Malando.

"Nani kasema malisho? Anauliza kinafanyika nini. Au wewe umelala nje mwaka huu, nyumba yako haijaezekwa?"

Niliandika majani ya kuezekea. Kisha wanawake waliendelea: kuni zilizoanguka zenyewe, maana kukata mti mbichi ndani ya ngitili ni kosa, mboga za porini wakati wa mvua, zikichumwa kwa mkono, bila jembe, na mizizi ya dawa. Wanaume waliongeza kwamba kanga na digidigi hukimbilia humo, na kwamba kuwatega ndani ya uzio ule usio na miti, wa mdomo tu, nako hutozwa. Niliuliza kila faini ni nini, nani alilipa mara ya mwisho, na kwa kosa gani. Mzee Malando alinitajia watu wanne. Wa nne alikuwa mtoto wake mwenyewe, aliyetozwa ndama.

"Ulimtoza mwanao?"

"Ningemtoza nani? Si yeye aliyelisha?"

Nilipoisoma orodha yote kwa sauti, nilihisi mwili ukinisisimka. Kurasa kumi na moja za rasimu zilitaka nyasi zisimalizwe, miti isikatwe, wanyama wadogo wapate pa kujificha. Watu hawa walikuwa na kanuni hiyo tayari, ina mlinzi, ina majira, ina faini, haina muhuri tu. Sisi tulikwenda kuwauliza maoni yao juu ya jambo wanalolifanya, kwa namna iliyowafanya waonekane hawalifanyi.

Siku hizo nilipata pia tabia ambayo sikuiacha mpaka kustaafu. Mkutano ukiisha, nilikuwa sipandi baiskeli mara moja. Niliikokota kwa miguu hadi mwisho wa kijiji, daftari likiwa limefungwa. Wanawake waliokaa kimya saa tatu walinifuata na kunieleza yaliyobaki. Nikifika kwenye mti wa kwanza nje ya kijiji, niliketi nikayaandika, na siku iliyofuata nilirudi kuwasomea: "Nimekuandika hivi; ni sawa?" Nusu ya mara walisema si sawa. Msione uvivu wa kurudi kusoma. Maoni ambayo mwenyewe hajasomewa bado ni ya karani.

Bwana Mshana aliliangalia lile jedwali la miezi kwa muda mrefu. Aliandika barua ya kurasa mbili, akasema ndani yake kwamba karani wake alikuwa ameuliza swali nje ya majira, na kwamba yeye mwenyewe alilitia sahihi bila kulipima. Neno hilo la pili sikumwomba. Barua na daftari vilipanda basi tarehe 15 Agosti, siku kumi na sita kabla ya mlango kufungwa.

Kanuni zilizotiwa sahihi zilitufikia mwezi Januari uliofuata. Jumatano, tarehe 22 Januari 1975, nilikuwa tena mbele ya ghala la ushirika. Mvua ilikuwa imeshika, ngitili imefungwa, nyasi zake zimeanza kupanda bila kuguswa. Mzee Malando, Ng'wana Luhende na watu wengine kama arobaini walikaa wakanitazama mikono.

"Soma," akasema mzee.

"Nisome masharti yote?"

"Masharti baadaye. Soma pale ambapo hatupo."

Nikafungua jedwali la mwisho, nikasoma majina ya maeneo yaliyofungwa, moja baada ya jingine, taratibu. La nne likawa la mahali pengine. Nikafika mwisho.

"Rudia," akasema.

Nilirudia. Uwanda wa ng'ambo ya kijito haukuwamo. Ng'wana Luhende alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo, kisha akakiachia kirefu. Wazee walipigana mabega. Mzee Malando aliniambia kwamba sasa nimekuwa mtu wa ng'ombe, ingawa harufu bado.

Katikati ya furaha ile, mwanamume mmoja alikuwa hajasimama. Alikuwa shemeji yake Ng'wana Luhende, aliyekuja kusalimia kutoka upande wa Migato. Alinyoosha mkono kwa adabu.

"Mayu, samahani. Hebu rudia lile la sita."

Nilirudia.

"Hiyo ni ngitili ya kwetu."

Nilitazama karatasi. Pembeni ya jina pameandikwa, kwa chapa safi: haitumiki. Chini ya jedwali lilikuwa tangazo kwamba muda wa marekebisho umekwisha. Nilikumbuka kijiji chao. Mimi ndiye niliyewaandika. Vijiji tisa tuliviuliza swali lile lile msimu ule ule, na mimi nilipogundua kosa langu nilirudi katika kimoja.

"Mliulizwa?" nikasema, ingawa nilijua.

"Tuliulizwa. Tulisema hakuna anayelisha."

"Mwezi gani?"

Aliwatazama watu waliokuwa bado wanacheka.

"Tulikuwa tunapalilia pamba," akasema.